Dawa ya Kupaka Inapodhuru Ngozi

Tuseme mfugaji wa Arash, wilayani Ngorongoro, amepaka malhamu yenye neomaisini juu ya mchubuko mguuni. Baada ya siku chache ngozi inawasha, inavimba na kutoa malengelenge. Akidhani kidonda kimezidi, anaongeza dawa. Kumbe dawa yenyewe ndiyo imdhuruyo.

Madhara ya namna hii ni ya aina mbili. Katika mzio, kinga ya mwili imekwisha kuizoea dawa kama adui, nayo huishambulia kila inapoigusa ngozi. Katika mwasho, dawa huiunguza ngozi yenyewe pasipo mzio wowote.

Toleo la kumi la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990, huzitenganisha hali hizo. Mzio wa dawa iliyogusa ngozi ni L23.3, na mwasho ni L24.4. Aina isipojulikana, huandikwa L25.1. Alama ya ziada huonyesha dawa iliyohusika. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika mwaka 2022, lina alama nyingine, lakini limehifadhi tofauti hiyo.

Jambo hili si la makarani peke yao. Mwenye mzio hana budi kuiepuka dawa hiyo daima. Kadi yake ikiandikwa “ugonjwa wa ngozi” tu, zahanati nyingine yaweza kumpa malhamu ileile, na taifa halitajua ni dawa ipi inayowadhuru watu wake.