Kusuka Kikosi Kumzunguka Nyota Mmoja

Msimu wa 2021/22 kiatu cha mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara hakikwenda Msimbazi kwa Simba wala Jangwani kwa Yanga. Kilikwenda Geita. George Mpole, mshambuliaji wa Geita Gold iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, aliyekuwa akilishwa mipira na kikosi cha mabingwa. Chini ya kocha Fred Felix Minziro, Geita Gold ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Furaha haikukaa. Katika kombe hilo timu ilitolewa raundi ya awali na Hilal Alsahil ya Sudan. Geita ilikuwa imemsajili Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyetoka Yanga. Desemba 2022 Simba wakamchukua, na msimu ulipoisha alikuwa na mabao 17, akigawana ufungaji bora na Mayele. Mpole naye alivuka mpaka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka daraja. Kushuka kwa timu kuna sababu nyingi, na sitaki kuubebesha mzigo wote mguu wa mtu mmoja. Lakini klabu iliyopitiwa na wafungaji bora wawili ndani ya misimu miwili, ikabaki bila hata mmoja, ina somo kwa yeyote anayetaka kusuka kikosi kumzunguka nyota.

Somo hilo nalipeleka kwenye gemu. Vijana wa Geita, Kahama na Shinyanga wana timu za simu zinazoundwa kwa staili ileile: anapatikana mmoja mwenye vidole vya ajabu, wanamzunguka rafiki zake wanne, wanajiandikisha kwenye mashindano. Kisha wanatolewa mapema na kulaumu intaneti. Intaneti ina makosa yake, ila mara nyingi tatizo lilianza siku ya kuchagua wachezaji.

Gemu gani kwanza?

Kuna gemu ambazo nyota hahitaji timu. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na UYU ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken, gemu ya ngumi ya mmoja kwa mmoja. Ndivyo ilivyo hata kwa gemu za mpira zinazochezwa kwenye vibanda vya PlayStation: ukishika padi, uko peke yako. Kule nyota anahitaji mwalimu, mazoezi na nauli tu.

Gemu ya timu ni habari nyingine. Nitatumia Mobile Legends: Bang Bang, kwa sababu inachezwa kwa simu, watano kwa watano, na kanuni zake zinaonyesha wazi jambo ninalotaka kulieleza. Tuchukulie kuna binti wa Katoro, mlenga shabaha hodari kuliko wote kanda nzima. Tunataka kumjengea timu. Tuanzie wapi?

Dhahabu haiwatoshi watano

Katika gemu hii kila mchezaji anaendesha shujaa, na shujaa anaimarika kwa kununua silaha na ngao kwa dhahabu. Dhahabu inatoka kwa askari wadogo wanaotembea kwenye njia tatu za uwanja, wanyama wa msituni, minara na maadui wanaouawa. Kwa dakika yoyote ile, dhahabu iliyopo uwanjani ina kikomo. Anayechota zaidi amempunguzia mwenzake. Hakuna mbinu ya kulikwepa hilo.

Kwa hiyo kusema “tunajenga timu kumzunguka fulani” maana yake hasa ni kusema nani atachota kwanza, nani atafuata, na nani atacheza mechi nzima akiwa maskini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanalijua hili vizuri kuliko makocha wengi. Kabla jiwe la kwanza halijatoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mwenye leseni, mwenye duara na wanaoshuka chini huwa wamekubaliana mgao wa mifuko. Ugomvi mkubwa huzuka pale ambapo mawe yametangulia na makubaliano yamefuata. Timu za gemu nyingi zinachimba kwanza na kugawana baadaye. Mechi ikikolea, watu wawili wanakimbilia dhahabu ileile, na mwenye kelele ndiye anayeshinda.

Kanuni za gemu zenyewe zinatambua umaskini huu wa hiari. Mchezaji wa tano, yule anayezunguka kuwalinda wenzake, hununua kifaa maalumu kinachomfanya asiwapunguzie wenzake dhahabu ya askari anaposimama karibu nao. Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake, kwa mujibu wa kanuni, ni kukosa.

Kumpima nyota kabla ya kumjengea

Kosa la kawaida ni kumtambua nyota kwa idadi ya maadui aliowaua. Idadi hiyo inadanganya, kwa sababu anayepewa dhahabu nyingi lazima aue wengi. Kipimo chenye maana ni anachorudisha kwa kila alichopewa.

Chukua mfano wa kubuni. Mchezaji A anachota asilimia 30 ya dhahabu yote ya timu na kusababisha asilimia 40 ya majeraha yote yanayowapata wapinzani. Mchezaji B anachota asilimia 22 na kusababisha asilimia 30. Watazamaji watamshangilia A. Ukigawanya, A anarudisha 1.33 kwa kila sehemu moja aliyopewa, na B anarudisha 1.36. Hawa ni watu wa kiwango kimoja. Mmoja kapendelewa tu. Kabla ya kuamua, cheza mechi kadhaa za mazoezi ukimpendelea B, kisha utazame tena. Wapo wachezaji ambao kila ukiwaongezea wanazaa zaidi, na wapo ambao wakifika kiwango fulani nyongeza inapotea bure. Nyota wa kujengewa timu ni yule wa kwanza.

Halafu tazama anakaa nafasi gani. Mlenga shabaha wa njia ya dhahabu, mojawapo ya zile njia tatu, kama binti wetu wa Katoro, huanza mechi akiwa dhaifu na kuwa tishio akishakusanya silaha. Timu yake lazima ijue kuvumilia dakika za mwanzo bila kuporomoka. Angekuwa mchezaji wa msituni, anayewinda wanyama na kuvamia njia za wengine, tungehitaji timu ya namna tofauti kabisa: inayoanzisha vita mapema na kumaliza kabla wapinzani hawajapata nguvu. Ukimchukua nyota wa dakika za mwisho ukampa wenzake wa dakika za mwanzo, utapata timu mbili ndani ya moja, na zote mbili zitashindwa.

Wanne wengine

Hapa ndipo tamaa huharibu mambo. Ukishapata nyota, roho inasema tafuta wa pili. Mfano bora wa kinyume chake ni Blacklist International ya Ufilipino, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa Mobile Legends huko Singapore, Desemba 2021, kwa kuwafunga ndugu zao wa ONIC 4–0 kwenye fainali. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa OHEB, mlenga shabaha wao. Lakini utambulisho wa timu ile ulikuwa mikononi mwa wawili wengine: nahodha OhMyV33NUS, mzungukaji aliyependa mashujaa wa kuponya kama Estes, na Wise, mchezaji wa msituni aliyekuwa tayari kutumia mashujaa wa kukinga badala ya wale wa kuua. Mchezaji wa msituni kwa desturi ni tajiri. Wise alipokubali kuishi kwa kidogo, dhahabu iliyobaki ilipata pa kwenda.

Kwa timu yetu basi, mzungukaji ndiye atafutwe mapema kuliko wote. Tunamtaka mwenye macho ya kuuona uwanja mzima na sauti tulivu, kwa sababu ndiye atakayetoa maelekezo. Nyota ana kazi ya kutosha mikononi. Msituni tumweke mtu asiye na kiu ya kusifiwa, mwenye hesabu kali ya muda. Njia ya kati anahitajika mwepesi wa kufika kwenye kila ugomvi. Njia ya mbali, ile anayokaa mpiganaji, tunahitaji mtu anayeweza kuachwa peke yake mbele ya wawili asife wala asilalamike. Huyo wa mwisho ndiye adimu zaidi. Vijana wengi wenye vipaji hawawezi kukaa dakika kumi bila kuomba msaada.

Asiyeamini umuhimu wa hawa wanne na akumbuke Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana. Septemba 2018, Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu pale Uwanja wa Taifa. Mabao matatu dhidi ya Yanga, Dar es Salaam! Matokeo: Yanga 4, Stand United 3. Msimu ulipoisha, Stand ilishuka daraja.

Mpinzani naye ana akili

Kabla ya mechi rasmi kuanza, kila timu hufungia mashujaa watano wasitumike. Ukiwa na nyota anayetisha kwa mashujaa wawili, wapinzani watawafungia hao wawili na wataingia uwanjani wakiwa wamemaliza nusu ya kazi. Kwa hiyo nyota wa kweli lazima awe na mashujaa sita au saba anaowamudu kwa kiwango cha mashindano.

Faida yake haiishii hapo. Kila kufuli linalotumika kwa nyota ni kufuli lisilotumika kwa wenzake. Wapinzani wakimfungia binti wa Katoro mashujaa wanne, mzungukaji wetu atachagua anayemtaka. Timu iliyojengwa vizuri hushinda hata siku ambayo nyota amebanwa, kwa kuwa kubanwa kwake kumefungua mlango pengine. Hilo nalo linafanyiwa mazoezi: wiki hadi wiki, chezeni mechi ambazo nyota ananyimwa mashujaa wake wote wapendwa.

Siku atakapoondoka

Ataondoka. Geita ilimpoteza Mpole, ikampoteza na Saido; timu ya gemu ya vijana wasio na mshahara haitafanya vizuri zaidi. Swali ni kitakachobaki.

Kwenye gemu ya risasi ya Counter-Strike, Natus Vincere ya Ukraine ilijengwa kumzunguka s1mple, mdunguaji aliyehesabiwa miongoni mwa bora wa nyakati zote. Bunduki ya mdunguaji, AWP, inagharimu dola 4,750 za ndani ya gemu, wakati AK-47 ni dola 2,700. Wenzake walizoea kubana matumizi ili yeye asikose. Novemba 2021 walishinda ubingwa mkubwa wa Stockholm bila kupoteza ramani hata moja. Mwaka 2023 s1mple alikaa pembeni. Machi 2024, bila yeye, Natus Vincere ikatwaa ubingwa mkubwa wa Copenhagen. Waliokuwapo mara zote mbili ni kocha wao, B1ad3, na b1t, kijana aliyekuzwa kwenye timu yao ya vijana. Ule utaratibu wa nani anatoa, nani anapokea na nani anaamua ulikuwa umeandikwa vichwani mwa watu wengine, si kichwani mwa nyota.

Timu yetu ifuate hilo kwa uwezo wake. Awepo mchezaji wa sita, mdogo kuliko wote, anayejifunza nafasi ya nyota na kucheza sehemu ya mazoezi kwa haki kamili, si kwa kusubiri mtu augue. Awepo kocha asiyecheza, anayeandika daftari la kila mechi. Na yawepo maandishi: nyota akinunuliwa na timu kubwa, waliomkuza wapate sehemu. Kama bado hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi wake akae mezani na kusaini.

Mgao wa zawadi

Limebaki jambo ambalo vijana huliona la mwisho, nami naona ndilo la kwanza: pesa. Kanda hii imeshaona pesa ikivunja timu. Acacia, iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliidhamini Stand United kuanzia 2015. Mwaka uliofuata klabu ikagawanyika, upande wa kampuni na upande wa wanachama, na udhamini ukayeyuka.

Tuseme timu imeshinda shilingi 2,000,000. Wengi wangempa nyota fungu kubwa. Ushauri wangu ni mwingine. Toa asilimia 10 kwa bando, simu ya akiba na nauli. Toa asilimia 10 ya kocha. 1,600,000 zinazobaki zigawanywe sawasawa kwa wachezaji watano, kila mmoja 320,000, na wa sita apewe kwa mujibu wa mechi alizocheza, kutoka kwenye mafungu ya aliowapokea. Nyota atasema anaonewa. Ajibiwe kwamba yeye ameshalipwa: ndani ya gemu amepewa dhahabu ya wenzake, nje ya gemu amepewa jina, na ofa ikija itamtafuta yeye. Mzungukaji hana lolote kati ya hayo. Akipewa na pesa pungufu, mwezi ujao ataanza kuchota dhahabu isiyo yake, na hapo hakuna kipaji kitakachookoa timu.

Kwa hiyo unaposuka kikosi kumzunguka nyota, mkataba wa kwanza kuandika uwe wa mzungukaji. Nyota atakuja akisikia kuna watu wanne waliokubali, kwa maandishi, kumwachia dhahabu. Mchezaji wa aina yake ameshachoka kuitafuta mwenyewe.