Amplifaya ya boksi moja au ya vipande?

DESEMBA inapofika, shule zikafungwa na ndugu zetu wa ng'ambo wakaanza kutua Entebbe, maswali ninayoulizwa mimi mwalimu wa fizikia huwa hayahusu tena mitihani. Watu huniuliza habari za sola, betri, friji na, zaidi ya yote, redio. Aliyekaa Toronto au London miaka ishirini hataki kurudi mikono mitupu. Anataka sebule yenye muziki wa maana. Naye mfanyabiashara wa Busia au Mutukula aliyejaliwa kujenga, akishanunua makochi anafikiria muziki. Swali lao ni lile lile: je, ninunue amplifaya iliyokamilika ndani ya boksi moja, au ninunue vipande, yaani priamplifaya peke yake na amplifaya ya nguvu peke yake?

Safari hii swali hilo limeingia kwetu, na limetugawa.

Mama yetu ana miaka 78 na anaishi Kansanga. Macho yamempungukia nguvu, televisheni haimfai tena. Kilichobaki ni redio na santuri za marehemu baba, ambazo tulizibeba kutoka Nakuru tuliporudi kutoka uhamishoni. Mimi nilisoma huko, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Wa rika langu waliokulia Kenya wataelewa nikisema kwamba Jumapili baada ya kanisa ilikuwa ya Franco na TPOK Jazz kwenye santuri, kisha Philly Lutaaya kwenye kanda, yeye naye akiwa mbali na nyumbani, kule Sweden. Wawili hao walifariki mwaka mmoja, 1989, Franco mwezi Oktoba na Lutaaya mwezi Desemba, na kwetu ilikuwa kana kwamba tumefiwa na jamaa.

Mashine ya santuri ingali inazunguka vizuri. Kilichokufa ni amplifaya yake. Sisi watoto wanne tumechanga shilingi milioni tatu, na Mama ametoa sharti moja tu: aweze kuiwasha mwenyewe bila kumwita mtu.

Mdogo wangu aliye Toronto amepata mtu anayeuza vipande vilivyotumika, vya hali nzuri, na anataka kuvituma kwa kontena. Dada yetu mkubwa, ambaye amepitisha bidhaa Busia kwa miaka mingi, anasema huo ni wazimu. Twende Nairobi, Luthuli Avenue, tununue boksi moja, yaishe. Mimi nikaachiwa nihukumu, kwa kuwa eti ndiye mwenye chaki.

Basi kwanza tuelewane maneno. Kazi ya amplifaya ni mbili. Ya kwanza ni kupokea sauti dhaifu kutoka kwa vyombo mbalimbali, kuchagua kipi kisikike, na kuipandisha au kuishusha. Hiyo ndiyo priamplifaya. Ya pili ni kuipa sauti hiyo misuli ya kusukuma spika. Sindano ya santuri ya kawaida hutoa takriban volti 0.005 tu, ilhali mashine ya CD hutoa kama volti 2, mara mia nne zaidi. Isitoshe, santuri huchongwa huku besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zimeongezwa, ili mifereji isipanuke ikamaliza nafasi. Kanuni hiyo, iitwayo RIAA, ilianza kutumika Marekani mwaka 1954. Lazima kuwe na saketi ya kuirudisha sauti katika hali yake. Kwa hiyo mwenye santuri atazame nyuma ya amplifaya kama kuna tundu lililoandikwa PHONO. Bila hilo, Franco atasikika kama anaimba ndani ya kopo la bati, tena kwa mbali.

Zamani kutenganisha vipande kulikuwa na sababu nzito. Katika enzi za valvu, mfano wa Quad II ya Uingereza ya mwaka 1953, amplifaya ya nguvu ilikuwa chuma kizito chenye transfoma kubwa na joto kama la jiko. Huwezi kuweka sauti ya volti 0.005 ubavuni mwa transfoma inayonguruma ukategemea usafi. Hata transista zilipokuja, Quad wenyewe waliendelea na mtindo huo mwaka 1967: 33 ikiwa priamplifaya na 303 ikiwa ya nguvu, wati 45 kila upande.

Kisha mwaka 1978 ikatoka NAD 3020, boksi moja la bei nafuu, wati 20 tu kila upande kwa karatasi, lakini likicheza vizuri kuliko mengi ya bei kubwa. Kilichonivutia ni mgongo wake. Kuna vipini vidogo vya chuma vinavyounganisha priamplifaya na sehemu ya nguvu. Ukivichomoa, boksi moja limekuwa vipande viwili, na unaweza kuongeza amplifaya nyingine ya nguvu siku ukipata fedha. Kwa maneno mengine, ugomvi wa dada na mdogo wangu ulipata suluhu kabla mimi sijazaliwa.

Hapa niseme kidogo kuhusu wati, maana ndiko watu wetu wanakoibiwa. Ukipita madukani utaona redio ya plastiki unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja imebandikwa "3000W PMPO". Hesabu hiyo haina maana yoyote. Hakuna kipimo kinachokubalika cha PMPO. Muuzaji anaandika anachopenda. Redio hiyo hiyo ukigeuza nyuma utakuta inakula wati 60 kutoka ukutani, na hakuna mashine duniani inayokula 60 ikatoa 3000. Tafuta neno RMS, na uone imepimwa kwa spika ya omu ngapi.

Tena sikio halihesabu kama duka. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo mno. Ili sikio liseme "hii imepanda mara mbili", unahitaji wati mara kumi. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama desibeli 87 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, wakati mazungumzo yetu ya kawaida ni kama desibeli 60. Mama akisikiliza rumba jioni hatumii zaidi ya wati mbili tatu. Sebule yake ni mita nne kwa tano. Amplifaya ya wati 100 kila upande itamfaa ikiwa anakusudia kuwaburudisha na wakazi wa Kabalagala.

Nimtendee haki mdogo wangu. Anasema kila kipande kikiwa na umeme wake, amplifaya ya nguvu ikivuta sana haiyumbishi priamplifaya, na ni kweli. Anasema kimoja kikifa kingine kinabaki, na unaweza kubadilisha kidogo kidogo kadiri ya mfuko. Hilo nalo ni kweli. Mwenye spika nzito za omu 4, sebule kama ukumbi na fundi wake wa kudumu, amsikilize yeye asinisikilize mimi.

Lakini vipande vyake viko Kanada, na Kanada umeme ni volti 120. Wetu ni volti 240. Ukichomeka chombo cha huko katika soketi ya hapa, hakikupi nafasi ya kujuta. Jirani yangu aliyerudi kutoka Marekani alifanya hivyo siku ya karamu ya kumkaribisha. Fyuzi ilikatika, lakini baada ya moshi. Utasema tununue transfoma ya kushusha umeme. Sawa, ila amplifaya inayokula wati 400 inataka transfoma ya wati 500 au zaidi, kitu kizito chenye mngurumo wake, na soketi zake zinafanana na nyingine kiasi kwamba ipo siku mtoto au msaidizi atachomeka pasipo. Vipande viwili maana yake ni hatari hiyo mara mbili.

Na kwa wale wanaofikiria kuleta hata mashine ya santuri kutoka Amerika: umeme wa huko hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Mashine nyingi za mkanda zenye mota inayofuata mizunguko ya umeme zitakwenda kwa sehemu tano juu ya sita ya mwendo. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itazunguka chini ya 28, na transfoma haisaidii, kwa sababu inabadilisha volti, haibadilishi mizunguko. Lutaaya atageuka mzee wa miaka tisini. Ile ya Mama ilinunuliwa Kenya, kwa hiyo haina tatizo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo, kwa sababu kwao umeme hauchezi. Vipande vina utaratibu: unawasha priamplifaya kwanza, ya nguvu mwisho; ukizima, ya nguvu ndiyo ya kwanza. Ukikosea, spika hupigwa kishindo, na spika ndogo ya sauti nyembamba inaweza kuungua. Tangu Bujagali ikamilike mwaka 2012, na Karuma mwaka 2024, mgawo ule wa mwaka 2006 umebaki hadithi, lakini kukatika na kurudi ghafla bado kupo. Umeme ukirudi, haumuulizi mtu aanze na boksi gani. Boksi moja lililotengenezwa vizuri lina swichi ndani yake inayochelewesha spika sekunde chache mpaka mambo yatulie, utasikia "tiki". Kwa mama wa miaka 78, ile "tiki" ina thamani kuliko sifa zote za vipande. Bado nitaweka stebilaiza.

Nikaenda Katwe kumuuliza fundi ambaye amefungua mashine nyingi kuliko nilizowahi kuona. Yeye hakujali boksi moja wala mawili. Alijali transista. Zile za kutoa nguvu, kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, zinapatikana kila mahali, lakini za bandia zimejaa. Sura ni ile ile, ndani kijipande cha silikoni ni kidogo, na zinakufa wiki ya pili. Mashine ya jina geni yenye vipuri visivyojulikana hapa itakaa kwa fundi miezi ikingoja mtu anayesafiri. Aidha, mashine ya miaka thelathini, hata iwe safi kama sahani ya harusi, kapasita zake zimeanza kukauka.

Wanaovuka mipaka nao wana swali la forodha, na hapa dada yangu ndiye mwalimu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu anayehamisha makazi kuingia na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka bila kulipa ushuru. Msamaha huo ni wa mtu anayehama. Mdogo wangu anayebaki Toronto na kutuma boksi hahesabiwi humo. Na yule anayenunua Luthuli Avenue asidhani ile hati rahisi ya asili ya bidhaa, inayowasaidia wachuuzi wenye mzigo usiozidi dola 2,000, itamvusha: hati hiyo ni ya vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya, na amplifaya ya China au Japani siyo. Weka ushuru, na VAT ya asilimia 18, katika hesabu yako kabla hujafurahia bei ya Nairobi.

Hukumu yangu ni boksi moja, lenye PHONO, wati 30 hadi 50 za kweli, na ikiwezekana lenye tundu la kutolea priamplifaya nyuma, ili mdogo wangu asinyimwe ndoto yake moja kwa moja. Nimempa dada maagizo ya dukani. Asome kibao cha nyuma: kiseme volti 220 hadi 240. Azungushe kitufe cha sauti polepole, kikikwaruza, kimechakaa. Achague PHONO bila kuchomeka kitu, apandishe sauti hadi katikati: pande zote mbili zitoe mvumo sawa, upande ulio kimya umekufa. Na abebe mita yangu ya volti. Spika zikiwa hazijaunganishwa na sauti imeshushwa kabisa, apime matundu ya spika: chini ya volti 0.05 ni salama. Akiona volti nzima, arudishe mashine juu ya meza aondoke, hata muuzaji akipunguza bei nusu.

Kuhusu mdogo wangu, nimemwomba sindano mpya na mkanda wa mashine ya santuri. Ni vitu vyepesi, vinakaa ndani ya bahasha, na havijui volti 120 wala 240. Alinyamaza siku mbili, kisha akaniandikia kuuliza namba ya kichwa cha sindano. Jana jioni nilikwenda Kansanga na tochi kuisoma. Nusu imefutika, lakini tarakimu tatu za mwisho zinaonekana, na Mama alitaka kujua kama kazi hiyo itamaliza kabla ya Krismasi.