Ziwa Moja, Majina Mawili

Mwanafunzi wa Bunia anayeandika memwari kuhusu uvuvi wa Kasenyi au Tchomia ataandika nini kwenye katalogi ya maktaba? Ataandika "lac Albert", kama wote tunavyoliita ziwa letu. Lakini ripoti iliyochapwa enzi za Zaire huenda inasema "lac Mobutu Sese Seko", jina lililopachikwa miaka ya 1970 na kuondoka na Mobutu mwenyewe mwaka 1997. Kompyuta hulinganisha herufi tu, historia haiijui. Itamjibu kuwa hakuna kitu, naye atarudi nyumbani mikono mitupu, ilhali ripoti iko rafuni, hatua chache kutoka alipoketi.

Huwa naumia kuona mradi wa kuboresha katalogi ukipimwa kwa idadi ya kompyuta zilizofungwa. Programu zipo. Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, hutolewa bure. Jina lake ni la Kimaori, maana yake zawadi. Inaweza kukaa kwenye seva ya maktaba yenyewe na kufanya kazi hata intaneti ikikatika, mradi umeme upo. Tena ina mahali pa kuchagua jina moja rasmi na kuyafungamanisha mengine nalo, ili anayetafuta Stanleyville aletewe na vitabu vya Kisangani, mji ule ule.

Ila mahali hapo panahitaji kujazwa, na wa kupajaza si fundi aliyekuja kwa siku tatu. Ni mkutubi anayejua kwamba Ituri iliwahi kuwa Kibali-Ituri, ikamezwa na mkoa wa Orientale, ambao baadaye uliitwa Haut-Zaïre, ikawa mkoa tena mwaka 2015. Anayejua kwamba Lendu, Balendu na Walendu ni watu wale wale. Anayekumbuka pia kuwa mwaka 1972 Wakongomani walilazimishwa kuacha majina ya Kikristo, hivyo mwandishi mmoja akaweza kuonekana kama wawili. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Shalom hapa Bunia kilichipuka kutoka shule ya theolojia ya mwaka 1961. Kimepitia mabadiliko yote hayo, na maktaba yake huenda ina majina ya kila enzi.

Kazi hii ni ya miaka, na bajeti ya mradi hufungwa mapema. Ningeulizwa, ningetenga kwanza mshahara wa mkutubi, kisha daftari mezani pake, wanafunzi waandike humo kila neno walilotafuta wakakosa. Kila Ijumaa mkutubi alifungue, aanzie neno la kwanza.