Nani Hutangaza Sikukuu?

Jioni ya tarehe 29 Ramadhani, mafundi cherehani wa Kisauni, Mombasa, hawana usingizi. Kanzu hazijatiwa vifungo, madera hayajapigwa pindo, na wenye nguo wamesimama mlangoni. Kutoka Mlaleo hadi Bombolulu swali ni moja: mwezi umeandama? Ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, watu watakamilisha thelathini na fundi atakuwa amepata siku nzima ya kupumua. Masikio yote yako redioni na kwenye simu, yakingoja kauli ya Kadhi Mkuu. Kati ya sikukuu zote za Kenya, ni hii peke yake ambayo tarehe yake huthibitika usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani. Una siku 354 hivi, ndiyo maana Idi hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, ikapita kiangazi, masika na kipupwe. Waswahili waliithamini siku hii kiasi cha kuijengea kalenda. Mwezi ambao Waarabu huuita Shawwal, wao huuita Mfunguo Mosi, yaani wa kwanza tangu mfungo kufunguliwa. Hesabu huendelea mpaka Mfunguo Tisa, ndipo ije Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maulidi huangukia Mfunguo Sita, Idi ya Haji huwa tarehe 10 Mfunguo Tatu.

Lakini mwezi uleule mmoja huonwa kwa macho mbalimbali. Wako wanaosema kila nchi ifuate mwandamo wake, na wako wanaosema ukionekana Makka umetosha. Basi hutokea mtaa mmoja ukasali Idi kwa siku mbili: nyumba hii inapika biriani, jirani bado amefunga. Hoja za pande zote mbili ni za wanazuoni, si ukaidi wa mtaani, na inapendeza kuona kwamba sahani ya pilau huvuka ua kwenda kwa jirani hata hivyo, ikangoja magharibi.

Serikali nayo ina mwezi wake, nao huandama kwenye Gazeti Rasmi. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, imeweka orodha mbili. Ya kwanza ni ya Wakenya wote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei, Krismasi na nyinginezo, pamoja na Idi ya Mfunguo Mosi. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake watu hupumzika. Orodha ya pili ni fupi: Idi ya Haji kwa Waislamu, Diwali kwa Wahindu. Ili wote wapumzike, lazima waziri wa mambo ya ndani atoe tangazo.

Tarehe 10 Oktoba inaonyesha jinsi siku inavyoweza kubaki palepale huku jina likihama. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ilipotaja siku tatu za taifa, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, watu wakadhani ya Moi imekufa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema la: sheria haikubadilishwa, siku ingali hai. Tangu hapo imeitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na kuanzia 2024 ni Siku ya Mazingira.

Ukivuka mpaka, mambo hubadilika. Uganda Idi zote mbili ni sikukuu za taifa. Tanzania inaongeza na Maulidi, siku ambayo ofisi za Nairobi huwa wazi. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, ila inayosherehekewa ni 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya 1964. Huko huko Unguja, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai kwa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda, ingawa haimo katika orodha ya sikukuu za taifa. Ethiopia Krismasi ni tarehe 7 Januari.

Kisauni yenyewe ina deni na tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri. Mpaka 1963 ardhi hii ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi, uliohesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na ikaingia Kenya kamili kwa makubaliano ya mwaka huo. Wachache wa rika la sasa hufundishwa jambo hili siku ya Jamhuri, nalo ndilo lingewapa watu wa hapa sababu yao wenyewe ya kuisherehekea.

Ufuoni Pirates, Bamburi, hakuna anayeuliza sikukuu ni ya nani. Siku ya Idi na siku ya Krismasi mchanga haukanyagiki kwa watu. Watoto wenye noti za mkono wa Idi wanakodi mipira ya magari ili waelee, kando yao wanauziwa mabuyu, achari na viazi karai, na mama aliyevaa buibui anamshikia mkoba jirani yake wa kanisani anayemkimbilia mtoto majini.

Limebaki moja. Idi ya Mfunguo Mosi hugundulika usiku, wala hakuna wa kulaumiwa. Ya Haji mwezi wake huandama siku kumi hivi kabla, lakini tangazo la kuwapumzisha Wakenya mara nyingi hutoka zikiwa zimebaki siku chache, wakati mfanyakazi aliye Nairobi ameshakosa tikiti ya basi la Mombasa. Bunge liihamishie siku hii kwenye orodha ya kwanza, na mpaka hapo wizara itangaze mara tu mwezi unapoandama.