Udongo wa Kichuguu Ndiyo, Gunia la Mgodi Hapana

Katika vikundi vyetu swali linarudi: tujenge na nini jiko, banda la kuku na bustani ya lupango, wakati simenti ni bei kali? Hapa Kolwezi tunavyo vichuguu vikubwa, na udongo wake unashikana vizuri. Tunaukanyaga na maji na majani makavu yaliyokatwakatwa, tunafyatua matofali, tunayakausha wakati wa kiangazi bila kuyachoma. Hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuru. Msingi uwe wa mawe, na paa litoke nje ya ukuta, kwani mvua haina huruma na tofali bichi. Milango na malata ya nyumba zilizobomolewa yanamaliza kazi.

Lakini vitabu vingi vya bustani viliandikwa mbali na migodi. Vinasema: okota, tumia tena. Sisi tunauliza kwanza: kitu hiki kilibeba nini? Gunia lililobeba madini si la kupandia mboga, hata likikung'utwa mara kumi. Pipa la asidi au la dawa za kiwanda halitunzi maji ya kunywa. Na ule mchanga laini wa mabaki ya kiwanda, unaovutia kwa kupiga lipu, tuuache ulipo. Mtoto anagusa ukuta, kisha anaweka kidole mdomoni.

Hatusemi haya kwa kutishana. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao juu ya Kasulo, kartie yetu ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Wakaaji wa pale walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wa kartie jirani, na watoto ndio waliozidi. Vumbi la ndani ya nyumba nalo lilikuwa na madini mengi.

Kwa bustani, tuangalie kwanza kinachoota chenyewe. Pakiwa na ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, tusipande chakula hapo: hupenda udongo wenye shaba nyingi. (Lisipoonekana, hiyo peke yake haitoshi kusema udongo ni safi.) Tuinue tuta kwa matofali yetu, tulijaze udongo ulioletwa kutoka mbali na migodi na barabara za malori, pamoja na mbolea ya kuku na majani yaliyooza. Chokaa kidogo hupunguza uchachu wa udongo, na shaba haiingii kwa urahisi katika mmea.

Lengalenga, matembele na chibwabwa hushika vumbi kwenye majani, basi tuvipande nyuma ya nyumba. Migomba ikae upande wa barabara. Mboga tuioshe kwa maji mengi kabla ya kukata, si baada.

Na mvua ya kwanza ikinyesha, pipa safi lisiwe bado chini ya malata. Maji hayo yanaosha vumbi la miezi yote ya kiangazi; tuyaache yaende mtaroni, tukinge ya mvua zinazofuata.