Kifaa cha michezo ya vijana chasaidia kusaka virusi Kilifi

BILA shaka unaikumbuka Aprili 2020. Kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa, mtu wa Malindi hakuweza kwenda Nairobi, hoteli za pwani zikabaki tupu. Kila nyumba ilikuwa na swali moja: korona imetufikiaje? Na kila mtu alikuwa na wake wa kumlaumu.

Jibu lilitafutwa papa hapa mjini Kilifi, katika maabara za mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulioanzishwa mwaka 1989. Na kazi ya aina hii ina msaidizi ambaye huenda yumo nyumbani mwako, ndani ya kompyuta ambayo mwanao huchezea mpira wa skrini. Jina lake ni prosesa ya picha.

Fundi mmoja na wabanguaji elfu

Prosesa ya kawaida ya kompyuta ni kama fundi hodari. Kazi yoyote aiweza, lakini mikono yake ni michache. Prosesa ya picha ni kama uwanja uliojaa wabanguaji wa korosho. Kila mmoja anajua jambo moja dogo tu, lakini wakiketi elfu kwa pamoja, magunia huisha upesi.

Ilibuniwa kwa ajili ya michezo. Skrini ya kawaida ina nukta zaidi ya milioni 2, na mchezo wa kasi hutaka nukta zote zipakwe rangi upya mara 60 kwa sekunde. Mwaka 2007 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa programu ya CUDA, iliyowarahisishia wanasayansi kuwapa "wabanguaji" hao hesabu za utafiti badala ya rangi.

Virusi husomwaje?

Virusi vya korona vina maandishi ya urithi yenye herufi 30,000 hivi. Katika mashine za kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza, uzi wa maandishi hayo hupitishwa kwenye tundu dogo mno lenye mkondo wa umeme. Kila kundi la herufi likipita, umeme huyumba kwa namna yake.

Mashine ndogo ya aina hiyo hutoshea kiganjani. Ina njia 512, na mwaka 2020 kila njia ilipimwa mara 4,000 kwa sekunde. Piga hesabu: ni vipimo zaidi ya milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana! Vyote lazima vigeuzwe kuwa herufi. Kompyuta ya kawaida inaweza kubaki nyuma kwa siku nyingi, ilhali prosesa ya picha huweza kwenda sambamba na mashine. Ndiyo maana aina kubwa ya mashine hizo, GridION, huuzwa ikiwa na prosesa hiyo ndani yake.

Jibu lenyewe

Watafiti wa Kilifi walisoma virusi 311 kutoka sampuli zilizochukuliwa pwani kati ya Machi 17 na Julai 31, 2020, na matokeo yao yakachapishwa 2021. Waligundua kwamba ugonjwa haukuletwa na mtu mmoja. Uliingia mara nyingi, hasa kutoka Ulaya, na ukoo mmoja wa virusi, B.1, ndio ulioenea sana: asilimia 74 ya virusi vilivyosomwa.

Waona basi, msomaji, lawama za mtaani hazikuwa na msingi. Aidha, habari za virusi ni kama samaki, zikilala huharibika. Zamani maabara nyingi za Afrika zilipeleka sampuli ng'ambo na kungoja, huku ugonjwa ukitembea.

Si dawa ya kila kitu

Hata hivyo, wapishi mia hawaivishi ugali mapema. Kazi ambayo kila hatua yangoja iliyotangulia haifaidiki na prosesa hii. Tena ni ghali, na kubwa zake hula umeme wa wati 300 na zaidi, sawa na balbu 30 za wati 10. Katika joto la Kilifi, hiyo ina maana ya kiyoyozi na umeme wa akiba, mizigo ambayo si kila maabara ndogo huimudu.

Mzazi, utakapomkuta kijana wako mbele ya mchezo, mwulize picha zile hutokeaje. Na wewe mwanafunzi, kumbuka kwamba kifaa pekee hakisomi virusi. Anatakiwa mtu anayeijua biolojia na pia hesabu na kompyuta. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.