Paje: kaiti, mwani na bamvua

Shule za kaiti za Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, zina neema moja: malighafi yao kuu haiagizwi. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi, kusi hushika zamu kuanzia Juni hadi Septemba, na muda wote huo anga la kijiji hujaa vitambaa vya rangi vinavyoburura watu juu ya mbao. Mwamba ulio mbali na ufukwe huvunja mawimbi. Ndani hubaki maji ya kina kifupi na mchanga, hivyo mwanafunzi akianguka husimama tu. Masika upepo hulegea, mvua huanza, na wageni huadimika.

Kaiti yenyewe, ubao na mikanda hutoka ng'ambo, kwa fedha za kigeni, na jua na chumvi huvila haraka. Kwa hiyo kijana wa kijijini asiye na mtaji huingia kwa mlango wa ajira: hubeba vifaa, husaidia kurusha, kisha hufundisha akishapata cheti cha kimataifa, ambacho nacho hulipiwa. Nahodha wa ngalawa anayepeleka wageni mwambani kutazama samaki yuko pazuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chombo huundwa na fundi wa hapa hapa, na shilingi anayolipwa haina safari ndefu.

Lakini bahari ya Paje ilikuwa na wenyewe kabla ya kaiti. Kilimo cha mwani kilishika kasi hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Wao hufanya kazi bamvua maji yakitoka, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa kwa mambo, yaani vigingi. Kaiti huhitaji maji ya kutosha kuelea. Kwa saa, basi, biashara hizi mbili hazigombani sana. Zinagombania mahali: mambo yaliyofunikwa na maji ni hatari kwa miguu ya mgeni, na kamba iliyokatwa ni mavuno ya mama aliyekwenda nyumbani kupika.

Mizani haiko sawa. Saa chache za mafunzo hulipiwa bei ya kitalii. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo, kwa bei inayopangwa na wanunuzi. Na kwa kuwa maji ya pwani yamepata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi hufa kwenye kina kifupi. Kuuhamishia kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wengi wa kina mama hawa hawana.

Maboya machache ya kuonyesha njia ya kaiti na mipaka ya mashamba ni nafuu kuliko kaiti moja mpya. Na kati ya pande hizi mbili, ni shule, si mkulima, yenye uwezo wa kuyanunua.